Aliyesimama Mbele ya Mashine

Nyangoto,
11 Machi 2024

Dada Gati,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa miaka miwili, siyo kwa sababu nyingine, maana kwa upande wa akili tunajuana. Sisi huku tuko wazima wa wastani. Tabitha mguu bado unamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume tena. Nilishamkataza madume, hasikii. Mvua imeanza vizuri, mahindi ya watu yamefika magotini, ya kwangu bado yanafikiria.

Utashangaa mbona naandika barua kama katekista badala ya kupiga simu. Simu siitaki tena. Nimempa Tabitha, anamulikia kuku. Kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Dada, nimeibiwa.

Zile pesa za fidia ya shamba la baba, ambazo mgodi ulilipa zikaingia benki kwa jina langu, nilikuwa nimeziacha zilale mpaka niwe tayari kujenga Kemambo. Unajua nyumba hii nayo mgodi umeshaipiga alama nyekundu ukutani, na mwisho wa Agosti lazima tuwe tumetoka. Basi wiki iliyopita nikasema niende Tarime mjini ninunue bati kabla hazijapanda bei. Nikafungua kopo langu la ugoro, lile kubwa, ambamo huwa naficha kadi ya benki. Ugoro upo. Kadi haipo. Nikamwaga ugoro wote kitandani, Tabitha akapiga chafya mpaka akaanza kumwita Yesu. Kadi haipo!

Nikakimbilia benki na kitambulisho. Binti wa pale, anaitwa Bernadetha, akabonyeza vitu vyake, akasema, "Babu, salio lako ni elfu kumi na mbili."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hapo umesoma ya mtu mwingine. Soma ya Kisyeri."

Akanigeuzia kioo. Jina langu, herufi kwa herufi, na mimi nilipoishia darasa la tatu jina langu nilikuwa nimeshalijua. Elfu kumi na mbili. Nilikaa chini sakafuni, dada, ndani ya benki, na suruali ya kanisani. Askari wa mlangoni akaniletea maji, nikamwuliza kama na hayo yanakatwa kwenye akaunti.

Kumbe mwezi wa pili wote kuna mtu alikuwa anachota. Mara kumi na moja, kwenye mashine ya kutolea pesa, mashine ile ile. Bernadetha akaniuliza, "Babu, hukupata ujumbe kwenye simu?" Nikamjibu napata kila siku! Naambiwa nimeshinda gari, nimeshinda pikipiki, nitume pesa kwa namba hii. Kila ikilia nafuta. Kumbe nilikuwa nafuta habari za msiba wangu mwenyewe.

Akauliza nani anajua namba yangu ya siri. Hakuna. Hata Tabitha haijui, na Tabitha anajua mpaka ninachoota.

Wameifunga kadi. Nimejaza karatasi ya madai, nimepeleka RB ya polisi, ile karatasi ya kuripoti wizi, nimeambiwa nisubiri. Sheria yao ni hivi: ikionekana aliyetoa ni mwizi nisiyemjua, wanaweza kunirudishia. Ikionekana ni mtu wangu niliyemtuma au kumpa namba, imekula kwangu.

Wewe Januari ulipokuja kwenye msiba wa baba mdogo ulilala chumba kile kile chenye kopo. Hukuona mtu akilizungukazunguka?

Ndugu yako aliyebaki na ugoro,
Kisyeri


Busawe,
4 Aprili 2024

Mdogo wangu Kisyeri,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye basi la Mugumu, kondakta aliisahau chini ya kiti. Huku mvua imezidi, daraja la kwenda mnadani limeondoka. Magoti yangu hayajambo. Siku hizi siendi kisimani, kuna mtu wa kunichotea maji na kunipikia. Shemeji Amos bado ana yale maneno yake, kwamba tangu Simoni wangu afariki boma hili ni la wanaume wa ukoo, na mimi nisiye na mtoto wa kiume nimekaa kama mgeni. Ila siku hizi sauti imepungua.

Habari ya kuibiwa nimeisoma mara tatu. Pole. Sijui niseme nini zaidi ya pole.

Kuhusu kopo, mimi sinusi ugoro.

Nina swali moja. Hizo mashine huwa zinaweza kumjua mtu aliyetoa? Nauliza tu, maana na sisi kwenye kikundi cha akina mama pesa zetu zinapita huko huko.

Umeandika kwamba zilikuwa pesa za shamba la baba. Ni kweli, lilikuwa shamba la baba.

Usimshuku mtu ovyo. Msalimie Tabitha, mwambie aukande mguu kwa maji ya chumvi.

Dada yako,
Gati


Nyangoto,
19 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo tena, zimekuwa mbili, uziweke akiba. Tabitha ameukanda mguu, sasa unanukia kama samaki. Ndama dume anaendelea vizuri kwa hasira yangu.

Swali lako ni zuri mpaka nimelipeleka kwa Bernadetha kama lilivyo. Amesema mashine ina jicho! Pale juu, kidude cheusi kama jicho la panya. Kila anayesimama mbele yake anapigwa picha bila kuambiwa tabasamu. Picha wameziomba makao makuu, zitachukua wiki kadhaa. Na mashine yenyewe wameshaijua iko wapi. Iko Mugumu! Dada, mwizi wangu yuko huko kwenu. Funga mlango.

Na nadhani nimeshamjua. Keti vizuri. Ni Heche.

Ndiyo, Heche huyu huyu, rika langu, tuliyeingia naye jandoni siku moja na kisu kimoja. Hebu hesabu mwenyewe. Nani anakaa kwangu kila jioni? Heche. Nani anatia vidole kwenye kopo langu bila kuomba? Heche. Nani mwezi wa pili alikwenda Mugumu kununua mbuzi, akarudi na mbuzi wanne wakati siku zote hana hata nauli? Nikamtaja polisi. Walimkuta anakamua. Walipompitisha hapa kwangu akasimama, akaniambia, "Kisyeri, umenitaja mimi?" Nikamwambia, "Kama si wewe, sema hao mbuzi umewatoa wapi." Akasema, "Nimewanunua kwa mahari ya binti yangu, na mahari yenyewe wewe ndiwe uliyekaa kuipanga." Ni kweli nilikaa, na nyama nilikula. Lakini nikajiambia, mwizi lazima awe na jibu zuri.

Amelala mahabusu siku mbili, wanawe wakamtoa kwa dhamana. Wazee wamesema hawasubiri picha ya mashine. Jumamosi ya tarehe 11 Mei ataapa mbele ya ukoo na rika zima, kwa kiapo chetu. Unajua kiapo kile. Hata asiye na kosa akishakitamka, watu hawakai naye benchi moja tena.

Mimi usingizi sina. Tabitha haongei na mimi. Anasema niliyemtaja si mwizi, nimetaja tu mtu aliye karibu.

Halafu hujaniambia huyo anayekuchotea maji ni nani. Umeajiri? Kwa pesa ipi, mjane wewe?

Kisyeri


Busawe,
29 Aprili 2024

Kisyeri,

Barua hii nimemlipa mtu wa bodaboda ailete mpaka mkononi mwako, kwa hiyo ujue haitaki kusubiri.

Heche asiape.

Heche hakuchukua kitu. Usiniulize nimejuaje. Waendee wazee leo hii, waambie umekosea kumtaja, uwaombe wavunje kikao. Kama wanataka faini, toa. Mtu uliyetoka naye damu siku moja humwingizi kwenye kiapo kwa kosa lisilo lake, halafu ukategemea kuzeeka vizuri.

Sisi wazima.

Gati


Nyangoto,
16 Mei 2024

Gati,

Leo sina salamu.

Kikao nilikivunja, kama ulivyosema. Wazee wamenitoza mbuzi na debe la pombe, wakaniambia nimeanza kuchakaa kichwa. Sikukuuliza umejuaje. Nilijiambia labda huko Mugumu umesikia maneno sokoni. Ndivyo nilivyojiambia.

Juzi Bernadetha akaniita. Picha zimefika. Akafunga mlango, akanipa kiti kabla sijaomba, nikajua mambo si mazuri. Akaweka karatasi ya kwanza mezani. Nilikuwa nimejiandaa kuona kijana mwenye kofia. Nilikuwa nimeshamwandalia na matusi.

Nikaona mama mtu mzima. Saa nne asubuhi, ameinama kidogo, anabonyeza namba kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayepanda mbegu. Amejitanda kitenge cha njano chenye tausi.

Kitenge kile nilikinunua mimi, Gati. Nilikupa Januari, siku ukoo ulipokaa kugawana fidia. Ulikipokea kwa mikono miwili ukasema asante.

Bernadetha akaweka ya pili, ya tatu, mpaka zikafika kumi na moja. Kila moja ni tausi. Kwenye ile ya saba umeangalia juu moja kwa moja kwenye jicho la mashine, kama unayeliuliza swali. Mimi nikawa namwangalia dada yangu na dada yangu ananiangalia mimi, na yule binti katikati anasema, "Babu, unamfahamu?"

Nilisema miwani yangu nimeisahau nyumbani. Miwani ilikuwa usoni. Binti wa watu akaitazama, akaniangalia, akasema nirudi nikishaipata, ila nisikawie, madai yana mwisho wake. Mwezi mmoja na nusu.

Nimepanda gari sijui kama nililipa nauli. Tangu juzi nakaa nje ya nyumba naangalia ile alama nyekundu. Nimecheka mara moja tu, pale nilipokumbuka nilivyokuandikia ufunge mlango.

Bati zangu, Gati. Mahali pa kulala pa Tabitha. Na Heche alilala mahabusu siku mbili huku wewe unajua. Nimewahi kukunyima nini? Namba uliipata wapi? Na pesa iko wapi?

Ukinijibu habari za magoti nitaichana.

Kisyeri


Busawe,
2 Juni 2024

Kisyeri,

Sitakupa habari za magoti.

Kadi niliichukua mimi, usiku wa kuondoka. Nilikuwa nimekuona ukiificha. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenisaidia. Mashine naijua, kikundi chetu kilitufundisha.

Unauliza namba. Niliposimama pale mara ya kwanza nilijiambia, huyu mtu mwaka wake wa kuzaliwa haujui, wa kufa bado, basi ataweka upi? Nikabonyeza 1971. Ikakubali. Niliogopa mpaka nikamwacha mtu wa nyuma yangu atangulie, nikarudi tena mwisho wa foleni.

Mwaka 1971 Simoni alileta kwa baba ng'ombe ishirini na wawili kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa sijapazoea hata jikoni kwa mama mkwe, ng'ombe wale wakawa wameshatoka zizini kwa baba, wamekwenda kwa akina Tabitha, ukaoa. Hata wewe mwenyewe ulipoambiwa uchague namba ambayo hutaisahau, ukachagua ng'ombe wangu. Kichwa chako kinakumbuka, Kisyeri. Ila Januari mlipokaa kwenye viti kugawana shamba la baba, kichwa kilikuwa kimekwenda wapi? Mlinipa tausi.

Sikusema kitu kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Pesa iko wapi. Nimeoa.

Umesoma sawa. Nimeoa mke. Anaitwa Nice, ni mtu mzima, ana watoto wawili, aliachika, na aliposikia nimekuja kuposa alicheka kwanza halafu akakubali mwenyewe, mbele ya wazazi wake. Nyumba ntobhu, mwanamke kumtolea mahari mwanamke mwenzake, kama bibi zetu walivyofanya wakikosa mtoto wa kiume. Watoto wake ni wa nyumba yangu na boma ni lao. Ndiyo maana Amos sauti imepungua. Mwezi wa kwanza alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua mahali pa kuweka uzio wake, kuanzia mlangoni kwangu. Kanisani wamenisimamisha, sipokei meza ya Bwana. Nakaa benchi la nyuma, naimba tu.

Heche ndiye ananiuma. Nilipoandika ile barua ya kwanza sikujua ungemtaja mtu. Nilipojua, nilichelewa siku moja nzima nikiogopa. Siku ile moja ndiyo kosa langu, nyingine sijui niziiteje.

Pesa zote zimekwenda kwa ng'ombe, na ng'ombe wamekwenda kwa akina Nice. Hakuna cha kurudisha bila kumrudisha mtu. Ukisema huyo wa kwenye picha ni mwizi usiyemjua, watakurudishia pesa zako, utajenga, na mimi polisi watanitafuta kwa picha hiyo wanifunge. Nina miaka sabini na sita, gerezani sitakaa sana. Fanya unavyoona.

Gati


Nyangoto,
24 Juni 2024

Dada,

Umeoa!

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma nimelala. Nimeishi miaka hii yote nikidhani nimeshasikia kila aina ya wizi. Kuna wanaoiba wakalewe, kuna wanaoiba wakajenge. Wewe umeniibia ukaenda kuoa, tena bila hata kunipa mwaliko. Mimi mwenyewe shemeji yangu sijamwona!

Nilikuwa na hasira, usidhani hazikuwepo. Bado zipo. Nilikaa siku nne nimekunja barua mfukoni, nimeamua nitakwenda benki niseme, simjui huyu mama. Nilijizoeza mbele ya ndama. Simjui huyu mama. Ilikuwa inatoka vizuri.

Siku ya tano nikamsomea Tabitha. Nilitegemea ataanza kulilia bati. Alikuwa anachambua dagaa, akaendelea kuchambua. Nikamwambia, "Wewe, sema kitu. Nyumba yako ndiyo imeliwa."

Akasema, "Niseme nini? Mimi ndio wale ng'ombe."

Nikamwuliza ng'ombe gani.

"Ng'ombe wa Gati. Niko hapa miaka hamsini na tatu kwa ng'ombe wa Gati. Ukitaka zako zirudi kutoka kwake, basi na mimi nirudishe kwetu, uone kama watakupa ishirini na wawili kwa mguu huu." Halafu akaniambia niondoke kwenye mwanga wake, haoni dagaa.

Nilikaa pale mpaka dagaa zikaisha. Nilikuwa namwangalia mke wangu kama mtu niliyemkuta kwa jirani.

Heche nimemwendea. Sikumwambia ni wewe, nimemwambia nimemjua mwizi na si mtu wa kupelekwa polisi. Nikampelekea mbuzi jike mwenye mimba. Mbuzi alimpokea. Mimi hakunipokea. Jioni bado haji, na mimi simlaumu.

Nimeuza ng'ombe watatu pamoja na lile dume. Zitanunua bati chache na misumari, mengine Mungu atajua. Agosti tukitolewa hapa tutakuja kukaa kwako mpaka nyumba ya Kemambo isimame. Siombi, nakuarifu. Kama Amos atatupimia hatua, nitampimia na mimi, kwa fimbo.

Ijumaa nilikwenda benki. Miwani nilivaa tangu nyumbani ili pasiwe na maneno. Bernadetha akaziweka picha mezani, akauliza lile swali lake.

Nikamwambia, "Huyu namfahamu. Futa madai."

Akasema, "Babu, ukifuta, hutapata hata senti. Na huko polisi utakwenda mwenyewe kuwaambia kesi imekwisha."

"Nitakwenda."

"Kwa hiyo ulimpa namba ya siri?"

"Nilimpa mwaka 1971."

Nadhani alitaka kumwita yule askari mwenye maji. Kisha akachukua kalamu, maana kwenye karatasi kuna mstari unauliza uhusiano wa mwenye akaunti na mtu aliye kwenye picha. Akaniuliza aandike nini.

Nikamwambia, "Andika, huyu ndiye aliyenitolea mahari."

"Babu, huyu mama? Kwani mwanaume anatolewa mahari na dada yake?"

"Andika hivyo hivyo."

Akaangalia ule mstari, ni mfupi kama kidole. Akasema, "Babu, haitatosha." Akaandika neno moja tu, ndugu, akanisukumia karatasi. Nikaisoma mwenyewe, kwa darasa langu la tatu, nikatia sahihi pembeni yake.

Mimi,
Kisyeri